Wengen, Alpbach au Ortisei? Kuchagua kijiji cha Alpi kwa likizo ya skii

Anayepanga likizo ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili, kwa mara ya kwanza hukutana na takwimu ileile kila anapogeuka: kilometa za miteremko. Kijiji hiki kina 100, kile kina 200, kingine kinajigamba na 1,200. Kwa mtu anayeteleza vizuri takwimu hiyo ina uzito. Kwa mgeni wa theluji haimsaidii, maana siku tatu za mwanzo atazimalizia kwenye kimteremko kimoja kifupi akiwa na mwalimu, huku watoto wa miaka mitano wakimpita kushoto na kulia.

Mimi naona maswali matatu yanatangulia kilometa. Ukitoka hotelini asubuhi unafikaje kwenye theluji? Kwenye msafara wenu ni nani hatateleza kabisa? Na saa kumi jioni, lifti za kupandisha watu mlimani zikisimama, mtafanya nini hadi usiku?

Vijiji vitatu ninavyolinganisha hapa ni Wengen nchini Uswisi, Alpbach katika jimbo la Tirol nchini Austria, na Ortisei katika bonde la Val Gardena, kaskazini mwa Italia. Vyote vilikuwapo kabla ya skii, vikiwa na kanisa, mazizi na familia zilizoishi kwa ng'ombe au kwa kazi za mikono. Nimeviacha kwa makusudi vituo vikubwa vya Ufaransa vilivyojengwa miaka ya 1960 na 1970 ili watu wateleze. Vinafanya kazi yake vizuri, ila anayetafuta kijiji hatakikuta huko.

Nitavipima kwa mambo matano: njia ya kufika, kijiji chenyewe, theluji na miteremko, nafasi ya wasioteleza, kisha fedha na karatasi.

Kufika

Wengen haifikiki kwa gari. Gari unaliacha bondeni Lauterbrunnen, unapanda treni ya reli yenye meno ambayo imekuwa ikipandisha watu mlima huo tangu 1893, na baada ya robo saa hivi uko kijijini. Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich ni treni mwanzo hadi mwisho, kwa saa tatu na ushei, ukibadilisha Interlaken Ost na Lauterbrunnen. Inaonekana kazi kubwa kwa mwenye masanduku, lakini reli za Uswisi zimepangwa kwa namna ambayo treni ya pili huwa inakusubiri. Tiketi ya watalii ya Swiss Travel Pass inakufikisha hadi Wengen bila kuongeza kitu.

Alpbach ina barabara, nayo si ya zamani sana: ilifika mwaka 1926. Kwa treni unashukia Brixlegg, kwenye bonde la mto Inn, kisha unapanda basi. Uwanja wa ndege wa karibu ni Innsbruck, lakini wengi hupitia Munich, mwendo wa saa mbili kwa gari barabara ikiwa wazi. Jumamosi za Februari haiwi wazi. Wageni wa wiki nzima hubadilishana siku hiyo, nusu ya Bavaria, jimbo la Ujerumani lenye mji wa Munich, iko njiani, na foleni ya mpakani Kufstein huwatoa watu machozi. Ukiweza kufika siku nyingine, fika siku nyingine. Ukikodi gari, Austria inadai ulipie kibali cha barabara kuu (vignette), na hali ya hewa ikiwa ya theluji matairi ya baridi ni sharti la kisheria kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15.

Ortisei ndiyo yenye safari ya vipande vingi. Treni za njia ya Brenner, inayovuka milima kati ya Austria na Italia, zinakufikisha Bolzano au Bressanone, halafu unaingia bondeni kwa basi. Viwanja vya ndege ni Innsbruck na Verona. Venice iko mbali zaidi. Jambo moja la kukusaidia unapotafuta hoteli: eneo hili lina lugha tatu rasmi, hivyo kijiji hichohicho utakikuta kimeandikwa Ortisei kwa Kiitaliano, St. Ulrich kwa Kijerumani na Urtijëi kwa Kiladini, lugha ya wenyeji wa bonde. Usije ukadhani umepotea.

Kijiji chenyewe

Kwa macho tu, Alpbach inawapita wenzake. Mwaka 1953 kijiji kilijiwekea masharti ya ujenzi: nyumba mpya lazima ifuate umbo la zile za zamani, orofa ya juu ya mbao, paa pana, baraza za mbao mbele. Ndiyo maana huoni jengo la zege lililochomoza katikati ya nyumba za wakulima. Mwaka 1983 Alpbach ilichaguliwa kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Austria. Makaburini kando ya kanisa amelala Erwin Schrödinger, mwanafizikia wa nadharia ya kwanta, na mlinganyo wake umeandikwa kwenye msalaba. Wapenda sayansi husimama hapo kwa muda mrefu kuliko wanavyosimama madhabahuni. Upande wa pili wa uzuri huo ni ukimya. Baada ya chakula cha jioni kuna baa chache, basi.

Wengen ni kinyume. Majengo yake ni mchanganyiko wa nyumba za mbao na hoteli kubwa za zamani, na baadhi ya hoteli hizo ukizitazama peke yake huwezi kuzisifia. Lakini nani anatazama hoteli? Kijiji kimekaa kwenye rafu ya mlima juu ya bonde la Lauterbrunnen, ukingo wake ni jabali lililonyooka, na mbele yako umesimama mlima Jungfrau wenye meta 4,158. Hakuna muungurumo wa magari. Utasikia treni na vigari vya umeme vinavyobeba mizigo ya wageni.

Historia yake ya skii ina ladha ya Kiingereza. Mwaka 1925 Waingereza waliokuwa wakija hapa walianzisha klabu wakaiita Downhill Only, yaani kuteremka tu. Wakati huo aliyetaka kuteremka mlima alianza kwa kuupanda kwa miguu. Wao walikuwa na treni, wakaona hakuna sababu ya kutoka jasho. Tangu 1930 kijiji kimekuwa na mashindano ya Lauberhorn, siku hizi kwa kawaida Januari, na mteremko wake wa kilometa 4.4 hivi ndio mrefu kuliko yote kwenye Kombe la Dunia la skii. Mwaka 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa hapo akienda kilometa 161.9 kwa saa, juu ya mbao mbili.

Ortisei ni mji mdogo kuliko ilivyo kijiji, na sioni kama hilo ni kasoro. Ina mtaa wa waenda kwa miguu wenye maduka, mikahawa, makumbusho na bwawa la kuogelea la ndani. Watu wake wamechonga mbao tangu karne ya 17: watakatifu, malaika, hori za Krismasi, vinyago vya watoto. Anayetoka kwenye nchi ya wachongaji atasimama kwenye madirisha hayo akipima kazi kwa jicho la ndani. Eneo hili lilikuwa la Austria hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndiyo maana mezani unakutana na madonge ya mkate kwenye supu, kisha unamalizia na espreso ya Kiitaliano.

Theluji na miteremko

Kwanza tuondoe hofu ya urefu. Wengen iko meta 1,274 juu ya usawa wa bahari, Ortisei 1,236, Alpbach kama 975. Nairobi iko juu kuliko vyote vitatu. Baridi hapa inatokana na majira, na theluji ya uhakika iko juu zaidi ya kijiji, kule lifti zinakoishia.

Kwa kigezo hicho Alpbach ndiyo yenye wasiwasi zaidi. Kilele cha miteremko yake kinapita kidogo tu meta 2,000, na majira ya baridi yakiwa ya joto theluji ya kijijini inaweza kuwa ya kubahatisha. Wengen na Ortisei zote zinapandisha watu hadi karibu meta 2,500. Ortisei iko upande wa kusini wa Alpi, ambako majira huwa makavu, lakini Waitaliano wameijibu hali hiyo kwa mashine: karibu miteremko yote ya bonde inaweza kupuliziwa theluji ya kutengenezwa. Wengen ina faida nyingine. Theluji ya chini ikiyeyuka mwezi Machi, huna haja ya kuhangaika na matope. Unapanda treni kurudi hotelini.

Rangi za njia ni zilezile nchi zote tatu: buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya waliobobea.

Anayeanza kabisa atafurahia Wengen, kwa sababu uwanja wa kujifunzia uko katikati ya kijiji. Mama anaweza kukaa na chai yake akimtazama mtoto anavyoanguka. Akishapata mizani, gari la kebo linapanda kutoka kijijini hadi Männlichen, ambako kuna miteremko mipana na ya upole kuelekea Grindelwald. Alpbach nayo ina lifti ya kujifunzia kijijini. Tatizo lake linaanza baada ya hapo: lifti kuu ya kupandia mlima Wiedersberger Horn haiko mlangoni, unaifuata kwa basi la skii. Tangu 2012 eneo hilo limeunganishwa na bonde jirani la Wildschönau, na kwa pamoja yana zaidi ya kilometa 100 za njia, nyingi za kiwango cha kati. Zinamtosha mtu wa wiki moja bila kumchosha.

Ortisei inamtaka anayeanza apande kwanza. Unachukua gari la kebo hadi Alpe di Siusi, uwanda wa malisho mkubwa kuliko yote ya milimani Ulaya, na huko juu njia za buluu zinatanda utadhani zimechorwa kwa ajili ya wanafunzi. Ni pazuri mno, ila kila asubuhi unabeba skii, buti na watoto hadi kwenye lifti, na jioni unavirudisha.

Kwa anayeteleza vizuri hali inageuka. Tiketi moja ya Dolomiti Superski inafungua maeneo 12 yenye kilometa kama 1,200 za njia. Mzunguko maarufu ni Sellaronda, unaozunguka kundi la milima ya Sella kupitia vivuko vinne vya milimani, kilometa kama 40 ukihesabu na lifti. Unaweza kuuzunguka kwa kufuata alama za rangi ya chungwa au za kijani, kutegemea upande uliochagua. Hauhitaji ubingwa, anayemudu njia nyekundu anaumudu. Unachohitaji ni saa. Anza kabla ya saa nne asubuhi, na hakikisha umevuka kivuko cha mwisho ifikapo saa tisa na nusu alasiri, la sivyo lifti zitafungwa ukiwa bonde la watu wengine na utalipa teksi ndefu. Kutoka Ortisei mzunguko hauanzii mlangoni: unasogea kwanza hadi Selva, juu kidogo ya bonde.

Hapa niseme neno kwa watu wazima. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, alikulia Austria na kujifunza akiwa mtoto mdogo. Sisi tunaoanza tukiwa na miaka thelathini au arobaini, magoti yana maoni yake. Lipia mafunzo ya siku tano, usikubali kufundishwa na shemeji aliyejifunza mwaka jana.

Wasioteleza

Kila msafara unaye: bibi, mjamzito, mwenye goti bovu, au yule aliyesema wazi tangu mwanzo kwamba amekuja kula.

Ortisei inawatendea haki kuliko wote. Alpe di Siusi ina njia za kutembea zilizoshindiliwa theluji, magari ya farasi, na vibanda vya chakula ambako anayetembea na anayeteleza wanaweza kukutana mchana. Ukichoka na mlima, mji upo.

Wengen inawapa treni. Asiyeteleza anaweza kwenda karibu kila mahali wanakofika wenzake: Kleine Scheidegg chini ya ukuta wa mlima Eiger, au Männlichen kutembea ukingoni. Pia kuna reli ya Jungfraujoch, stesheni yenye meta 3,454, iliyofunguliwa 1912. Tiketi yake ni ghali, na urefu huo si wa kudharau. Hauko mbali na kituo cha Horombo kule Kilimanjaro, ila Horombo mwili unafika baada ya siku mbili za kutembea, na hapa treni inakufikisha asubuhi moja. Mwenye matatizo ya moyo au pumzi amwone daktari kabla.

Alpbach inatoa matembezi, sleji, na safari fupi bondeni hadi Rattenberg, mji mdogo wa mafundi wa vioo. Siku mbili zinapita vizuri. Siku ya tano mtu ataanza kukuuliza mnarudi lini.

Fedha na karatasi

Mpangilio wa bei haushangazi: Wengen ghali, Ortisei katikati, Alpbach nafuu. Uswisi tofauti unaiona kwenye kila kikombe cha chai. Alpbach kuna nyumba nyingi za wageni za kifamilia, na chakula cha jioni mara nyingi kimo kwenye bei ya chumba. Ortisei chumba kinaweza kuwa ghali msimu ukipamba moto, lakini chakula cha mchana mlimani ni kizuri kwa bei ambayo Mswisi angedhani imekosewa.

Vifaa kodi, usinunue. Nguo ni hadithi nyingine: jaketi za theluji hujitokeza kwenye mabelo ya mitumba, na anayepitia soko la Gikomba, Nairobi, mapema anaweza kujivika kwa bei ya glavu tu za Zürich. Angalia zipu na mishono, umwagie maji kidogo uone kama yanapenya.

Nchi zote tatu ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza, na anaomba kwa nchi atakayolala siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima inayodaiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini soma masharti yake: bima nyingi za bei rahisi hazigusi michezo ya theluji, na helikopta ya uokoaji haiji bure. Italia ina sharti la ziada tangu 2022: kila anayeteleza awe na bima ya kumlipa mtu atakayemgonga. Huuzwa dirishani pamoja na tiketi ya lifti. Kofia ngumu vaa kote, sharti liwepo au lisiwepo.

Kuhusu tarehe, bei hupaa Krismasi hadi Januari 6, kisha tena Februari shule za Ulaya zikifunga. Katikati ya Januari ni nafuu kote, isipokuwa Wengen wiki ya Lauberhorn, wakati kijiji kinafurika. Kwa Waislamu, Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, kwa hiyo Januari ndiyo nafasi. Waandikie hoteli mapema kuhusu nguruwe: Tirol na Val Gardena nyama yake iliyokaushwa huingia hata kwenye yale madonge ya supu, na mhudumu hataona sababu ya kukutajia.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo wanaoanza, na fedha si kikwazo cha kwanza: Wengen. Hakuna magari, uwanja wa kujifunzia uko katikati, na treni inamrudisha aliyechoka.

Familia hiyohiyo ikihesabu kila euro iende Alpbach, ila ichague nyumba iliyo karibu na lifti ya kijijini au na kituo cha basi la skii. Basi la asubuhi ukiwa na mtoto na buti zake ni mtihani, na mita mia tatu za kupanda kulifuata ni mtihani wa pili.

Kundi la marafiki, nusu wanateleza vizuri na nusu hawataki kusikia: Ortisei, bila mimi kusita sana. Wa kwanza wana Sellaronda, wa pili wana uwanda na mji, na wote wanakutana mezani.

Wapenzi wanaotaka ukimya na kijiji cha kwenye picha wataipenda Alpbach, hasa Januari, mradi wakubali hatari ya theluji chache. Wakitaka uhakika wa theluji pamoja na mandhari, walipie Wengen Machi, siku zikiwa ndefu.

Aliyekwisha kuteleza mara kadhaa na anachoka na njia zilezile atamaliza Alpbach kwa siku tatu. Huyo zile kilometa 1,200 zimeandikwa kwa ajili yake.

Na anayeishi Munich au Innsbruck anayetaka kujua tu kama mchezo huu unamfaa, asilipie wiki. Aende Alpbach siku mbili za katikati ya wiki, akodi vifaa, achukue mwalimu, na aulize shule ya skii kama tiketi ya lifti ya kijijini inatosha kabla ya kununua ya eneo zima.